Pikipiki ya Padri: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unaponunua Pikipiki ya Kale

Kila Honda kuukuu inayouzwa nchini ilikuwa ya padri. Kama si ya padri, basi ya mwalimu mkuu mstaafu, au ya Mzungu aliyerudi kwao, au ya babu aliyeitoa nje Jumapili kwa Jumapili, kanisani na kurudi, wala mvua haijapata kuigusa. Nimezisikiliza habari za mapadri hawa tangu nilipoanza kushika spana, na kwa hesabu yangu Kanisa lingekuwa limeshafilisika kwa petroli.

Siku hizi vijana wenye kazi zao wamechoshwa na Boxer na TVS zinazofanana kama mapacha. Wanataka chombo chenye sura: Vespa ya taa ya duara, Honda C70, Yamaha DT ya bwana shamba, pengine BSA iliyofunikwa magunia stoo kwa mtu. Ni jambo jema, lakini mnanunua vibaya, halafu mnakuja kulia gereji kwangu. Haya yaliyoandikwa hapa yachukue kama masharti ya mganga. Ukivunja moja, usirudi kulalamika.

Usilipie hadithi.

Muuzaji akianza kusimulia, msikilize kwa adabu, kisha ondoa hadithi kwenye bei. Chuma kilicho mbele yako ndicho unachonunua. Mwaka 2014 huko California ilinadiwa Harley-Davidson iliyosemwa kuwa ndiyo ile yenye tangi la bendera ya Marekani, aliyoiendesha Peter Fonda katika filamu ya Easy Rider ya 1969. Ikafika dola 1,350,000. Wakati huohuo kulikuwa na mtu mwingine, Texas, mwenye ya kwake, naye akisema ndiyo yenyewe. Mwigizaji Dan Haggerty, aliyehusishwa na kuundwa upya kwa ile iliyoteketezwa kwenye filamu, alikuwa ametia sahihi hati za zote mbili. Kama hadithi moja inaweza kukaa juu ya pikipiki mbili mbele ya mawakili na madalali wakubwa wa Marekani, padri wako wa Moshi ana ushahidi gani?

Soma namba kabla ya kutazama rangi.

Hapa usiwe na haraka. Beba tochi, kitambaa, mafuta ya taa kidogo, karatasi na penseli. Futa uchafu kwenye fremu na kwenye kasha la injini mpaka namba zionekane. Kisha weka karatasi juu ya namba na usugue penseli, kama tulivyokuwa tukifanya na sarafu shuleni. Namba ya kiwandani itajitokeza imesimama mstari mmoja, kina kimoja, maandishi ya aina moja. Namba iliyogongwa na fundi kwa nyundo na patasi itatoka imeyumba: nane imelala, moja imezama kuliko nyingine, na kandokando utaona mikwaruzo ya tupa. Ukiona chuma kimesuguliwa laini mahali pa namba huku kwingine kote kuna ukungu na kutu, vaa kofia uondoke. Usiulize kwa nini. Jibu lake huwa refu.

Lakini jua pia unachosoma, maana ujinga hapa hugharimu pande zote mbili. Triumph ya kale, namba ya injini na ya fremu zinatakiwa kuwa moja. Kuanzia 1969 kiwanda kiliweka alama ndogondogo za jina la Triumph kwenye sehemu ya injini inapogongwa namba, ili anayeisugua na kugonga upya ajulikane. Vespa sivyo. Vespa ya Italia hutazamwa herufi za mwanzo: fremu ya VBB1T inakwenda na injini ya VBB1M, T ya fremu na M ya injini, na tarakimu zinazofuata hazilazimiki kufanana. Nimemwona mtu akiiacha Vespa safi kabisa kwa sababu "namba haziendani", na wiki hiyohiyo akanunua nyingine ambayo mtu alikuwa ameigonga makusudi ziendane.

Linganisha namba hizo na kadi, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti. Kadi iwe halisi, wala si kivuli chake, wala si picha kwenye simu. Na ukiambiwa kadi ilipotea, aliyeipoteza ndiye wa kuishughulikia TRA kabla hujatoa hata senti moja. Kenya ni vilevile, kitabu kwanza, na uhakiki wake ni NTSA. Vespa ya Unguja unayotaka kuivusha Bara ina usajili wake wa Zanzibar. Kauliza ushuru na namba kabla ya kuipakia botini, si baada ya kuishusha.

Usinunue mali ya marehemu kwa mtoto mmoja.

Pikipiki za kale mara nyingi wenyewe wameshatangulia mbele ya haki. Kadi ina jina la baba, baba yuko kaburini, na anayekuuzia ni kijana mstaarabu anayekuita kaka. Miaka kadhaa iliyopita niliinunua Yamaha DT kwa njia hiyo. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tukaandikishana, mashahidi wawili wakatia dole gumba, nikajiona nimefanya kila kitu. Mwezi wa pili wakaja dada zake wawili na shangazi yao. Shangazi hakugombana na mtu. Aliikalia ile pikipiki kama anakalia kigoda, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Mwanangu, mimi sina ugomvi na wewe, ila chombo cha kaka yangu hakiondoki hapa." Akakaa pale mpaka magharibi. Mke wangu akampikia chai. Mwisho wake tulifika Mahakama ya Mwanzo, pikipiki ikarudi kwao, na hela yangu nikarudishiwa kwa mafungu, nyingine mpaka leo sijaiona.

Kwa hiyo, hati ya usimamizi wa mirathi, ya mahakama, yenye jina la huyohuyo anayekuuzia. Akisema familia nzima imekubali, mwambie akaalike shangazi.

Uliza ilikuwa na namba gani zamani.

Yamaha AG100, DT 125, Honda XL, Suzuki TF: nyingi za hizi zililetwa kwa ajili ya miradi, maofisa ugani, chanjo na maji vijijini. Hazikuwa za mtu. Kama iliwahi kuvaa namba za DFP, SM au STK, basi ilitoka kwa mradi wa wafadhili, halmashauri au serikali kuu, na haiwezi kuwa mali ya mtu binafsi isipokuwa kwa njia inayojulikana. Dai karatasi za mnada na uthibitisho kwamba ilisajiliwa upya. Bwana shamba aliyestaafu akaondoka nayo nyumbani hakuinunua. Aliisahau kuirudisha, na kusahau huko wewe ndiye utakayekulipia.

Usiende kutazama pikipiki usiku. Wala penye mvua. Maji hung'arisha rangi iliyokufa.

Gusa injini kabla salamu hazijaisha.

Mwambie muuzaji utafika saa nne, ufike saa tatu na nusu. Wakati anakukaribisha kiti, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, amekuwa akipambana nayo asubuhi nzima ili iwake mbele yako kwa kiki moja. Kaa, kunywa maji, zungumzeni siasa na mpira mpaka ipoe, kisha upige kiki mwenyewe. Kiki inayoshuka laini kama mguu umeingia kwenye tope, mgandamizo haupo. Moshi wa buluu usiokoma kwenye injini ya mipigo minne ni ringi au valvu, na usiambiwe eti "ni oili tu ya juu." Kwenye tustroku moshi kiasi ni kawaida, hapo sikiliza zaidi kuliko kutazama.

Nenda na fundi wako, na umlipe hata msiponunua.

Watu hubeba fundi kwa ahadi ya "tukifanikiwa nitakuona." Umemfanya fundi awe dalali. Sasa anahitaji ununue ili ale, na muuzaji naye ameshamkonyeza nyuma ya nyumba. Mpe hela yake ya siku kabla hamjaondoka, ndipo ulimi wake utakuwa huru kusema twende zetu. Fundi wa muuzaji, hata awe hodari vipi, ni shahidi wa upande wa pili.

Beba sumaku.

Hii ni kwa wapenzi wa Vespa hasa. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine. Corradino D'Ascanio, aliyeibuni kwa ajili ya Piaggio mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege, akaifanya bati lenyewe ndilo mwili na ndilo mfupa. Kwa hiyo bati likioza, hukuharibikiwa urembo, umevunjika uti wa mgongo. Pitisha sumaku yenye kitambaa taratibu sakafuni pa kuwekea miguu, chini ya siti, na pale shingo inapoingia. Inaposhika, kuna bati. Inapoteleza, kuna puti. Inua mpira wa sakafuni, lala chini na tochi, tazama kwa chini ambako hawakupaka rangi kwa uangalifu.

Na jihadhari zaidi na Vespa zinazong'aa kuliko zote, za rangi mbili, siti nyeupe, zinazouzwa kwa picha kutoka Asia ya Kusini Mashariki. Vietnam ina sifa mbaya kwa hili: Vespa mbili tatu zilizokufa hukatwa na kuunganishwa kuwa moja, puti ikajazwa, rangi ikapigwa, ikapigwa picha kando ya maua. Ulaya na Marekani wameshaumia kwa hizo kwa miaka mingi. Kununua hivyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe ameshonwa.

Usichanganye ukuukuu na uadimu.

Honda Super Cub, mama wa C50, C70 na C90, ilianza kutengenezwa 1958, na mwaka 2017 ilipita idadi ya milioni 100. Hakuna chombo cha injini duniani kilichotengenezwa kwa wingi kuliko hicho. Mtu akikuambia C70 yake ni adimu, amekuona mgeni. Ni nzuri, ni ngumu kufa, haina mkono wa klachi na bibi anaweza kuiendesha, lakini bei ya uadimu haiihusu. BSA M20 nayo ilitengenezwa kama 126,000 kwa ajili ya Vita ya Pili ya Dunia. Uadimu unaozungumzwa na wanaojua ni kama ule wa Honda CB750 za kwanza kabisa za 1969, zile 7,414 ambazo makasha ya injini zake yalimiminwa kwa njia tofauti na zilizofuata. CB750 nyingine, iliyotoka kiwanda kilekile muda mfupi baadaye, hailingani nazo kwa bei hata kidogo. Tofauti iko kwenye namba, na ndiyo maana nimekusumbua sana na penseli.

Royal Enfield usiitazame kwa jicho la Uingereza tu. Bullet imeundwa Madras, India, tangu 1955, na iliendelea huko baada ya Waingereza wenyewe kufunga. Hiyo "ya mkoloni" unayouziwa yaweza kuwa changa kuliko wewe.

Usiidharau pikipiki iliyofufuliwa, ila usiilipie kama haijaguswa.

Hili linanihusu, niruhusu nilikalie. Vitabu vya wakusanyaji wa nje vinasema pikipiki ithaminiwe kwa jinsi ilivyobaki kama ilivyotoka kiwandani. Kwao pikipiki ilikaa banda kavu miaka arobaini. Kwetu ilifanya kazi. Ilibeba mkaa, chanjo, mchumba, mbuzi wa mahari. Ilipokufa kabureta, spea ya asili haikuwapo, fundi akafunga ya bodaboda. Ilipokatika fremu, akachomelea bomba la maji. Kama asingefanya hivyo, leo usingekuwa na cha kununua. Mimi sitamtukana fundi huyo, maana mara nyingine ndiye mimi.

Lakini bei ni bei. Kaa chini na daftari, orodhesha kila kitu ambacho si chake: kabureta, taa, tangi, madigadi, bomba la moshi, rimu. Kando ya kila kimoja andika: kinapatikana, au hakipatikani. Honda CG125 itakupa raha. Honda waliibuni katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo mtu huendesha bila kubadilisha oili kwa wakati, wakaacha cheni ya kemu wakaweka vijiti vya kusukuma valvu, na Wachina wakainakili mpaka bodaboda nyingi zilizojaa barabarani ni wajukuu zake. Vingi vya ndani utavipata dukani leoleo. Vespa aina ya PX utapata vya India. MZ ya Ujerumani Mashariki, ile ya Zschopau, vitu vyake vipo, ila vipo Ujerumani, na posta na forodha nao wanataka kula. Tangi la asili la DT lenye chapa yake? Tafuta tangi kwanza, pikipiki baadaye. Nasema kweli.

Uliza pistoni ni ya ngapi.

Silinda za Kijapani huchongwa kwa hatua: 25, 50, 75, 100, yaani robo milimita kila safari. Muuzaji akijibu "injini haijawahi kufunguliwa", tazama vichwa vya bolti. Vikiwa vimeliwa, imefunguliwa na mtu mwenye spana mbaya. Akijibu "mia", ujue safari ijayo ni slivu au silinda nyingine.

Usiamini spidomita. Kebo yake hukatika mwaka wa pili, na hakuna anayeinunua nyingine.

Jua inakunywa nini kabla hujaiwasha.

Vespa na MZ nyingi za tustroku hazina oili ya kulainisha pistoni isipokuwa ile iliyochanganywa kwenye petroli. Kwa nyingi kipimo ni moja kwa hamsini: lita 5 za petroli, mililita 100 za oili. Vespa za mwanzo zilitaka oili nyingi zaidi. Pima kwa chupa yenye mistari, usipime kwa jicho wala kwa kifuniko. Yamaha ilianza kutumia pampu ya oili mwaka 1964, na DT ina tangi lake dogo la oili pembeni, lakini mafundi wetu wengi waliiondoa pampu ilipoanza kusumbua. Kwa hiyo swali si kama tangi la oili limejaa. Swali ni kama pampu ipo na inasukuma. Kijana mmoja alijaza petroli tupu kwenye DT aliyoinunua asubuhi, akaondoka kwa mbwembwe, na kabla ya kilomita kumi pistoni ilikuwa imenata.

Usipeleke spana 12 kwenye nati ya BSA. Pikipiki za Uingereza za enzi hizo zina nati za vipimo vya Whitworth, havilingani na vya milimita, na fundi wako ataziviringisha zote kwa nguvu za ujana. Nunua spana zake kwanza. Na kabla ya kupanda, kumbuka kuwa gia iko mguu wa kulia na breki kushoto. Usijifunze hilo kwenye mteremko.

Tazama kama umeme ni volti 6 au 12. Honda nyingi za kabla ya miaka ya 1980 ni 6. Taa hafifu si ugonjwa, ndivyo zilivyo; ukifunga betri ya 12 utaunguza kila balbu.

Usizihukumu tairi kwa meno. Pembeni kuna tarakimu nne kwenye kiduara: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi ya namna hiyo hata ikiwa mpya kwa macho, ni mpira mfu. Ing'oe siku hiyohiyo.

Usipake rangi.

Hili nalisema kwa ukali kwa sababu ndilo kosa la kwanza la kila mnunuzi mpya. Umeipata Honda yenye rangi yake ya mwanzo, imefifia, imekwaruzika, chapa ya tangini bado inasomeka nusu. Wewe unaipeleka kwa mpiga rangi Ijumaa, Jumatatu inarudi nyekundu kama kibiriti, na bei uliyolipa imeshuka. Rangi ya pili inaweza kupakwa siku yoyote. Ya kwanza ikishakwanguliwa haipatikani tena. Osha kwa sabuni, paka nta, iache.

Usimlalie asiyejua.

Ukikuta mjane anauza kwa bei ya chuma chakavu kitu unachojua thamani yake, mwambie. Mpe bei ya haki na uondoke nayo mchana. Mji mdogo huu, na bei za pikipiki za kale zinajulikana haraka kuliko unavyodhani; jina likishaharibika, hakuna stoo itakayofunguliwa mlango kwa ajili yako tena.

Usitume kianzio kwa simu kwa pikipiki ambayo hujaiona. Hata kidogo. Hata cha kuishikilia.

Usinunue ya pili kabla ya kwanza haijawaka.

Hapa sina uso wa kusema mengi. Nyuma ya jiko langu kuna tatu chini ya turubai, na mke wangu anazihesabu kila anapoanika nguo. Mbili zinauzwa, ukileta fundi wako na penseli yako. Ya tatu, C90, haiuzwi. Hiyo ilikuwa ya padri. Jina lake limo kwenye kadi.